Mtoto homa siku ya tano, tumetibu malaria, typhoid na UTI, kumbe ni dengue, homa ya virusi vya mbu wa mchana

BabaKitindamimba (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, nimekaa nao rohoni wiki mbili na wife kashachoka kunisikiliza.

Iko hivi. Binti yangu wa mwisho ana miaka 6, darasa la kwanza. Jumanne karudi shule kanyong'onyea, hataki hata katuni, analia kichwa, ananiambia baba macho yanauma kwa ndani. Usiku tunapima 39 na pointi. Panadol, maji ya vuguvugu, tukalala kwa zamu. Jumatano asubuhi zahanati ya mtaani, wakamtoboa kidole kile kipimo cha haraka, mstari ukatoka mmoja. Malaria hamna. Nikashusha pumzi. Mhudumu akaniangalia kwa huruma akasema hicho kipimo huwa hakioni vizuri baba, tupime cha hadubini. Sawa, tukapima. Baada ya nusu saa karatasi ikarudi: malaria wadudu 2, typhoid ipo, mkojo mchafu kwa iyo na UTI. Yani mtoto mmoja, magonjwa matatu, karatasi moja, na bili juu.

Tukapewa mseto, sindano za antibayotiki asubuhi na jioni, na kushusha homa wakamdunga diklofenaki. Hiyo ya mwisho ishikeni, narudi nayo.

Alhamisi homa ileile. Ijumaa homa ileile, anatapika, akipiga mswaki fizi zinatoa damu, mama yake akasema ni mswaki mgumu. Jumamosi asubuhi namgusa paji la uso, baridi! Homa imekata. Tukafurahi nyumba nzima, bibi yake akapiga simu Songea kutangaza kwamba dawa imeingia. Ila mtoto mwenyewe hakufurahi. Kalala tu kwenye kochi kajikunja, tumbo linauma, uji hataki, maji hataki, namshika miguu iko baridi kama katoka bombani. Jirani yetu ni nesi, alikuja kuomba chumvi tu, akamwangalia mara moja akaacha bakuli mezani akasema mtoto huyu mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi msingoje jioni.

Kule wakapima FBP, ile picha kamili ya damu, chembe sahani (zile za kugandisha damu) elfu 41, wakati kawaida inaanzia laki na nusu. Kipimo cha dengue kikawaka. Malaria walirudia wao wenyewe, hadubini na kidole, hamna kitu. Dripu siku tatu, wanampima presha na mkojo kila saa. Namshukuru Mungu leo anakimbizana na paka.

Sasa swali langu. Dar hii imepigwa dengue 2014, watu zaidi ya elfu moja wakathibitika, ikarudi 2019 na hiyo ilikuwa balaa zaidi, wagonjwa zaidi ya 6000. Inakuwaje mtoto ana homa, macho yanauma, malaria hamna, na hakuna mtu hata mmoja pale zahanati anayelitaja hilo neno? Sitaki kutaja zahanati, msiniulize PM. Nataka kuelewa tu.

shostito

Pole sana baba. Hao "wadudu 2" nawajua, mimi tangu niolewe sijawahi kwenda kupima nikakosa wadudu 2 😂

mzee_wa_darubini

Mkuu pole. Mimi nipo maabara mwaka wa 11, ngoja niseme ukweli ingawa wenzangu watanichukia.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kimelea. Kama kimehifadhiwa vizuri na hakijapitwa na tarehe, kwa mtoto ambaye homa inamuunguza hivyo, kikisema hamna ni mara chache sana kikosee. Tena kosa lake la kawaida ni la upande wa pili: ukishatibiwa ukapona, ile protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa, kwa hiyo kinaweza kusema ipo wakati imeshakwisha. Hadubini ni nzuri kuliko vyote ikiwa slaidi ni safi, rangi haijachacha na anayesoma ana muda. Ukiwa na slaidi 60 mezani, rangi ya wiki iliyopita yenye vumbi, kila kidoadoa ni mdudu. Na kuna jambo la aibu: mgonjwa akiambiwa hamna kitu anaona ameibiwa. "Wadudu 2" inamridhisha kila mtu, daktari, mgonjwa, hata duka la dawa.

Typhoid ndo usiseme. Kile kipimo cha Widal kinaangalia kingamwili, mtu aliyeugua miaka iliyopita, au hata homa nyingine tu, kinaweza kupanda. Typhoid ya kweli inatafutwa kwa kuotesha damu na hiyo zahanati ya mtaani haina.

Kwa hiyo binti yako hakuwa na magonjwa matatu.

Kidume cha Mabibo

Dengue ni ugonjwa wa wenye mageti na maua ya vyungu, Masaki huko. Kijijini hamna kitu kama hicho, sisi tumekua tunaumwa malaria tu na tunapona kwa mwarobaini.

tabibu_wa_mikumi

@Kidume cha Mabibo hapo ndugu yangu umeteleza. Mimi nimefanya kazi wilaya ya Kilosa, na hukohuko mwaka 2013 watafiti walichukua damu za watoto waliokuja hospitali ya wilaya na homa za kawaida, hakuna mlipuko uliotangazwa, hakuna redio iliyosema chochote, wakakuta dengue na chikungunya, virusi vingine vya mbu huyohuyo, zote zipo. Hao si watoto wa Masaki. Ni watoto wa mkonge na mahindi.

Na kaskazini, Moshi 2007 hadi 2008: wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7. Damu zilipokaguliwa kwa vipimo vya uhakika, wenye malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Someni tena hiyo. Na kwenye kundi hilohilo chikungunya ilikutwa nyingi kuliko hiyo malaria, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandikiwa chikungunya kwenye faili.

Kuhusu swali la mleta uzi, kwa nini hawakutaja: kwa sababu hatuna nacho. Kituo cha afya cha kijijini kuna MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, kuna panadol, mseto, amoxicillin. Kipimo cha dengue hakuna. Sasa mtoto kaja, homa 39, malaria hamna, mama katembea kilomita 9, unamwambiaje "ni virusi, nenda nyumbani kanywe maji"? Nilishawahi kumwambia mama mmoja hivyo, akanijibu mbele ya foleni nzima "kwa hiyo serikali imekuleta hapa kunipa maji?" Foleni ilicheka, mimi nikaandika amoxicillin. Naandika haya nikiwa sijivunii.

BabaKitindamimba

@tabibu_wa_mikumi daah, mkuu umeniweka upande wa pili wa meza. Ila diklofenaki je?

tabibu_wa_mikumi

Hiyo sina cha kuitetea. Mtoto mwenye homa ambayo hujui chanzo, na dengue inazunguka, panadol pekee. Aspirini, ibuprofen, diklofenaki weka kando, zinaongeza uwezekano wa kutoka damu wakati chembe sahani zimeshuka. Na sindano ya kwenye tako chembe zikiwa chini inaweza kuvujia ndani ya nyama.

Halafu ile Jumamosi yenu homa ilipokata. Nataka wazazi wote waliomo humu waielewe. Dengue haiui sana siku ya homa kali. Hatari inaanza homa inaposhuka, siku ya 3 mpaka ya 7 hivi, ndo maji ya damu yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa, damu inakuwa nzito, presha inashuka, mtoto anapoa miguu. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoa damu, kulegea, kukojoa kidogo, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Huyo jirani mletee mfuko wa sukari, siyo chumvi tu.

shostito

Sasa mi kesho mwanangu akipata homa nikimbilie kupima dengue? Maana mmetutisha.

mzee_wa_darubini

Hapana dada, tusitoke kwenye "kila homa malaria" tukaingia "kila homa dengue". Kuna kazi ilifanyika mwaka 2008, watoto 1005 chini ya miaka 10 wenye homa, nusu mjini Dar nusu Ifakara, wakapimwa karibu kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa asilimia kama 10 hivi. Saba katika kila kumi walikuwa na virusi, ila wengi wao ni virusi vya mafua na kifua vya kawaida, siyo vya mbu. Typhoid haikufika hata asilimia 4.

Malaria bado anza nayo, pima siku ya kwanza, maana hiyo ina dawa na inaua mtoto haraka. Ikisema hamna, amini hamna, halafu mwangalie mtoto: ana kikohozi? anahara? sikio? Hana chochote, macho yanauma, mwili unauma, ana vipele, na mtaani kuna wengine wanaougua hivyo hivyo, hapo uliza dengue. Siku za mwanzo kipimo ni NS1, kinachotafuta protini ya kirusi chenyewe, kuanzia siku ya tano hivi ndo IgM, yaani kingamwili, inaonekana vizuri. Ukipima kisicho cha siku zako unaambiwa hamna na unayo.

Mamake Ukunda

Hamjambo, nawasoma kutoka Kwale, Kenya. Haya mnayoyasema ni kama mko kwangu sebuleni. Huku watafiti walifuatilia watoto wa homa sehemu nne, Ukunda na Msambweni huku pwani, halafu Kisumu mjini na Chulaimbo kule mashambani magharibi. Chulaimbo na Kisumu hakuna mtu alikuwa ametangaza mlipuko wowote, lakini damu za 2014 na 2015 zikaonyesha watoto walikuwa na dengue, wengine wameshatibiwa malaria na kurudishwa nyumbani. Sisi wa pwani tuna kisingizio, Mombasa ilikuwa imeshapigwa dengue 2013, watu wanaijua.

Lakini chikungunya ndio mimi naiogopa. Mtoto wangu wa kwanza aliugua ile ya Mombasa ya 2018 mwanzoni, alikuwa na miaka 9. Homa siku tatu tu ikaisha. Lakini magoti na vifundo vya mikono vilivimba, mwezi mzima hashiki kalamu, mwalimu anamwambia ni mvivu. Mama mkwe akasema amerogwa, amefungwa viungo.

Mmakonde_wa_Newala

Wacha nijipigie debe. Hilo neno ni letu! Chikungunya ni Kimakonde, linatokana na kukunjamana, kujipinda, mtu anavyotembea viungo vikiuma. Ugonjwa uligunduliwa kwetu, uwanda wa Makonde, 1952 kwenda 1953, virusi vikapatikana kwenye damu za wagonjwa wa Newala. Kwa hiyo yule jamaa wa Mabibo anayesema kijijini hamna, ulianza kujulikana kijijini kabla Mabibo haijawa na lami.

Na sababu ni maji. Wazee wanasimulia, uwandani juu hakuna mto wala kisima, maji unashuka bondeni alfajiri unapanda nayo kichwani, ukifika unayaweka kwenye mitungi ndani ya nyumba wiki nzima, hakuna anayethubutu kumwaga tone. Daktari aliyechunguza wakati ule alikuta mbu wenyewe wanazaliana humohumo kwenye mitungi, hatua mbili kutoka kitandani.

Mpemba_wa_Temeke

Na sisi Wazanzibari tusisahauliwe. Kidingapopo, jina la Kiswahili la dengue, siyo jina la juzi. Mwaka 1870 kulikuwa na daktari wa Kiskochi akiishi mjini Zanzibar, James Christie, akaandika habari za homa iliyopiga mji mzima ikiitwa na wenyeji kidinga pepo, na wazee wakamwambia imewahi kuja tena, kama 1823 hivi. Hata wapo wanaosema neno dengue lenyewe limetoka kwenye hiyo dinga ya Kiswahili likazunguka bahari huko Karibia na kurudi na kofia. Kinachochekesha, wanaosoma maelezo ya Christie leo wanasema kwa jinsi alivyoeleza viungo kuuma, ile huenda ilikuwa chikungunya. Yani jina letu kapewa ugonjwa mwingine.

Kidume cha Mabibo

Haya nimekubali msinishambulie wote. Ila juisi ya majani ya mpapai inapandisha chembe, hiyo msinikatalie, shemeji yangu alipona.

tabibu_wa_mikumi

Shemeji yako angepona hata kwa juisi ya embe, mkuu. Kwa wengi chembe zinapanda zenyewe homa ikishapita. Shida yangu na mpapai ni mchungu, mtoto anatapika, anakataa kila kitu kingine. Mpe ORS, madafu, uji mwepesi, supu. Kidogo kidogo kila mara.

BabaKitindamimba

Wakuu nimejifunza kuliko siku tatu za kukaa hospitali. Kitu kimoja kinanichanganya. Nyumbani tuna vyandarua vitanda vyote, vyenye dawa. Sasa huyo mbu kamuuma saa ngapi?

mzee_wa_darubini

Mchana. Mbu wa malaria anatoka usiku, umelala. Huyu Aedes anakuja asubuhi watoto wanapoenda shule na alasiri kabla ya jua kuzama. Mweusi, miguu ina pingili nyeupe kama pundamilia, anauma vifundo vya miguu chini ya meza, ukimpiga anahama mguu wa pili. Chandarua kinamsaidia mtoto anayelala mchana tu. Na huyu hapendi dimbwi la matope, anataka maji masafi yaliyotulia. Ndoo, pipa, tairi, kifuu, sahani chini ya chungu cha maua, trei ya nyuma ya friji. Hasafiri mbali, mita mia hadi mia mbili hivi maisha yake yote. Kwa hiyo aliyemuuma binti yako kazaliwa karibu na pale alipokuwa anakaa mchana.

Mamake Ukunda

Na msidhani ni mvua peke yake. Lamu 2004 ilikuwa ukame! Mvua imekataa, watu wanajaza maji kwenye mitungi na mapipa wanayaweka siku nyingi, chikungunya ikaingia, walipopima damu baadaye ilionekana kama robo tatu ya wenyeji waliambukizwa. Kutoka hapo ikafika Mombasa, Ngazija, Réunion hadi India. Na yale mayai yake yanakaa yamekauka kwenye ukuta wa pipa miezi, ukijaza maji tena yanaanguliwa. Kumwaga hakutoshi ndugu yangu, usugue na brashi.

shostito

Chanjo je? Si tulichanjwa homa ya manjano?

tabibu_wa_mikumi

Mbu ni huyohuyo, kirusi siyo hicho. Ya homa ya manjano haikukingi na dengue. Za dengue zipo duniani, ila kwenye kadi ya kliniki ya mwanao haimo. Na dengue ina aina nne, ukiugua moja unabaki wazi kwa tatu, tena kuugua mara ya pili ndo huwa kali zaidi. Mleta uzi, huyo binti mwangalie kwa miaka ijayo pia.

BabaKitindamimba

Nimerudi. Hiyo ya "karibu na pale anapokaa mchana" imeninyima usingizi. Juzi nimezunguka nyumbani na tochi. Simtanki ina mfuniko, pipa la nyuma nikaligonga, safi. Nikapata kopo moja la rangi lenye maji, na ile chupa ya mama ya ua la pesa kwenye dirisha, humo kulikuwa na viluwiluwi kama vinne vinacheza. Nikamwaga, nikapigiwa kelele kwa ajili ya ua.

Lakini mtoto haishi nyumbani mchana. Anaondoka saa 12 na nusu anarudi saa 10. Leo nikaomba ruhusa kazini nikaenda shule, sitaitaja. Nyuma ya vyoo vya darasa la kwanza na la pili kuna mapipa sita ya bluu, maji ya kunawa na kufulusha, kwa sababu bomba linatoka Jumatatu na Alhamisi tu. Hakuna hata moja lenye mfuniko. Nikainama, maji masafi kabisa unaona chini. Kivuli changu kilipoingia kwenye maji vile vitu vyote vikashuka chini kwa mpigo, vinajipinda-pinda. Mamia. Na pembeni tairi tano zimechimbiwa nusu kama viti, watoto wanakalia wakinywa uji, ndani zina maji ya mvua ya wiki iliyopita. Nimesimama dakika tano nimeumwa mara mbili, kifundo cha mguu, pundamilia yuleyule.

Mwalimu wa zamu kaniambia maji ni masafi mzee, tunaweka kila wiki, mbu wanatoka kule mtaroni. Kweli kuna mtaro, unanuka, kila mtu anaulaumu mtaro. Nikamuuliza watoto wangapi hawajaja leo kwa homa darasa la kwanza, akahesabu kwenye daftari la mahudhurio, 11.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Nimechota maji ya pipa moja kwenye chupa ya soda ya nusu lita, nimekuja nayo nyumbani, iko juu ya kabati. Nitaiweka mezani mbele ya mwenyekiti wa kamati, aone mwenyewe.

mzee_wa_darubini

Safi sana mkuu. Leo Jumanne, Jumamosi ni siku nne, kwa joto hili wengine wanaruka kabla ya kikao. Chupa umeifunika lakini?

BabaKitindamimba

Ngoja nikaangalie.